Moshi wa Ghala la Magodoro

Mke alikuwa anapiga pasi sare ya mtoto wao wa mwisho pale mumewe, askari wa zimamoto, alipokohoa na moshi ukamtoka mdomoni, mweusi, mzito, wenye harufu ya sponji iliyoungua. Akaisimamisha pasi, akafungua dirisha.

"Huu wa wapi?"

"Ghala la magodoro."

"Si uliumaliza juzi?"

"Ghala lilikuwa kubwa, mama watoto."

Jumatatu alikuwa ametoa moshi wa duka la rangi, wa kijani, ukamharibia jirani shuka alizoanika. Daktari alimwuliza anavuta sigara kiasi gani. Akajibu hajavuta hata moja tangu azaliwe. Daktari akamshauri apunguze.

Leo moshi ulizidi, jirani akaita zimamoto. Gari likaja na king'ora chake, wenzake waliokuwa zamu wakapanda ngazi pamoja na mkuu wa kikosi, mitungi ya hewa mgongoni, barakoa usoni. Wakakagua jikoni, wakainama chini ya kitanda. Moto hakuna. Basi wakavua barakoa, kama wafanyavyo kila mahali miali ikishalala na moshi bado unafuka. Anayebaki nayo usoni humtania kwa kumwita bibi harusi.

"Kumbe ni wewe, Chuma! Shemeji, umemlisha nini huyu?"

Wakacheka, wakavuta viti. Mke hakucheka.

"Mkuu, nakuomba umhamishie chumba cha simu, awe anapokea taarifa za moto tu. Usiku analala ameketi. Mimi nasali huku namsikiliza, sijui kama pumzi nyingine itakuja."

"Chumba cha simu ni cha walioumia kazini, shemeji. Huyu kaungua wapi?"

"Ndani."

"Ndani mimi sioni kitu."

Moshi ulikuwa umewafika usoni. Mkuu aliupunga kwa kofia apate kumwona anayesema naye.

"Kesho zamu ya asubuhi, Chuma."

"Sawa, afande," akasema mume, na neno lenyewe likatoka na wingu.

Mke akawasindikiza hadi mlangoni. Dereva wao, kijana aliyeoa mwaka huu, akasimama kwenye ngazi akakohoa. Kamoshi kembamba kakamtoka, kakapanda ukutani.

"Samahani, shemeji."

"Si kitu, mwanangu. Mwambie mkeo asinunue mapazia meupe."