Nguo ya Kuingilia Nyumba

Kokubanza alikuwa ametandaza nguo mbili kitandani, na zote mbili zilichaguliwa na watu wengine. Kulia, sari nyeupe pe, iliyotumwa kutoka Mwanza na Bhavna, mke wa shemeji yake. Kushoto, gomesi ya njano, lile gauni la mabega yaliyosimama na mshipi mpana kiunoni, aliyoileta mama yake, Deodatha, kutoka Nyabiyonza. Yeye mwenyewe alikaa katikati na kanga yake ya kulalia, saa mbili asubuhi, katika chumba cha kupanga. Dirishani aliiona nyumba yao mpya, na wageni wakishuka kwenye magari.

Yao. Bado alisema hivyo. Mumewe Jayesh alikuwa Mhindi wa Mwanza aliyekuja Kayanga kuuza vipuri vya pikipiki, akaupenda mji, kisha akampenda msichana wa Kinyambo, na ndugu wa pande zote mbili wakanuna mpaka wakachoka wenyewe. Miaka minane walijenga. Mtoto hawakujaliwa, nyumba ndiyo waliyoilea. Jayesh alipanga tofali, Kokubanza akabeba maji ya zege kichwani mpaka utosi ukaota sugu. Mwezi wa tatu moyo wa Jayesh ukasimama akiwa dukani, imebaki dari tu.

Sasa kwa akina Jayesh mtu haingii nyumba mpya kwa kubeba godoro na kulitupa ndani. Kuhani huja, huwasha moto wa sala, na mume na mke huvuka kizingiti pamoja, mguu wa kulia mbele, upindo wa sari ya mke umefungwa fundo na shali ya mume. Mke hubeba chungu cha shaba chenye maji, juu yake nazi. Mwenye nyumba huvaa nyekundu au njano. Nyeupe ni ya mjane, na mjane hukaa nyuma.

Bhavna alikuwa amepiga simu, sauti yake asali tupu. Yeye na mumewe ndio wangebeba chungu. Kokubanza apumzike tu. Apumzike, mwanamke aliyebeba maji miaka minane, siku ya kubeba chungu kimoja. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kokubanza hakutaka kugombana na miungu asiyoizoea, tena mbele ya wageni. Aliivuta sari nyeupe, akaanza kuikunjua huku machozi yakimtoka.

Mlango ukagongwa, akaingia mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Ba. Bibi mdogo wa umbo, yuko katika sari nyeupe, kama alivyokuwa siku zote.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba. Iko wapi nyekundu?"

Ba akakaa kitandani, akaisukuma sari ya Bhavna mpaka ikaanguka chini. Akaeleza kwamba njia nzima kutoka Mwanza amegombana na mwanawe, mume wa Bhavna, na amemwambia kuhani kwamba aliyeijenga nyumba ndiye atakayebeba chungu. Jayesh alimtumia picha ya sari nyekundu siku aliyoinunua, yenye ukingo wa dhahabu, akaandika kuwa hiyo ndiyo Koku atakayoingilia nyumbani.

"Mimi nilivishwa nyeupe nina miaka ishirini na saba," Ba alisema. "Hakuna aliyeniuliza. Wewe nakuuliza. Kaitoe, uivae."

Hapo Kokubanza akalia kweli, kilio cha kifua kizima. Sari haikuwepo. Siku ile Mwanza, walipokuwa wanamwandaa Jayesh, aliichomeka chini ya bega lake, ndani ya sanda, wanawake walipogeuka kuchukua maua. Kwao Wanyambo maiti hashuki kaburini bila nguo aliyopewa na watu wake. Alijua fika kwamba mumewe hazikwi, anachomwa. Lakini mkono ulikuwa wa Kinyambo, ukafanya ulichofundishwa.

"Sikuwa na kingine kizuri cha kumpa, Ba. Imeungua naye."

Ba akaisugua mikono yake magotini, akatazama ukuta.

"Basi hakwenda bila kitu," alisema.

Kisha akainuka, akaichukua ile gomesi ya Nyabiyonza, akaitikisa. Njano ni njano, alisema, hata kuhani akikasirika. Akamvalisha mwenyewe. Mshipi ukamshinda, hajawahi kufunga kitu kama kile, ikabidi aitwe Deodatha, na wale mama wawili, ambao kwa miaka kumi walikuwa wakisalimiana kwa mbali, wakamfunga mtoto wao kiuno, huyu akivuta huku, huyu kule.

Nje, Bhavna alikuwa tayari amekishika chungu. Ba alimpokonya taratibu, akamwekea mkwewe mikononi. Watu wakanong'ona. Kuhani alitafuta upindo wa kufunga fundo kwenye shali ya marehemu. Gomesi haina upindo. Ba akaifunga shali kwenye mshipi, akarudi hatua mbili nyuma.

Kokubanza akafika kizingitini. Alikuwa amepata alichokitaka: yeye wa kwanza, chungu chake, nyumba yake. Mlango ulikuwa wazi, sakafu inang'aa. Hakuingia.

Kuhani akarudia mantra yake ya sala. Shemeji yake akamkumbusha kwa upole kwamba ni mguu wa kulia. Bhavna akaeleza watu kwamba dada amesahau utaratibu. Kokubanza alisimama tu, amegeuza uso kidogo upande wa kushoto, amebana kiwiko ili asimmwagie maji mtu wa pembeni yake. Pembeni hapakuwa na mtu.

Ba ndiye aliyeelewa. Akamsogelea, akamwekea mkono mgongoni.

"Ingia, mwanangu," alimwambia. "Haji."