Nyumba Iliyouzwa kwa Mgiriki

Baba mkwe wangu, Papa Gaspard, alikuwa na hotuba moja, nasi tuliila pamoja na bukari, ugali wetu, kila Jumapili baada ya misa. Kizazi chake kilikuwa cha watu wakubwa. Kiliendesha treni mpaka Kabalo bila kuchelewa, kilichoma matofali yake chenyewe, kilijenga nyumba za kudumu kabla ya uhuru. Sisi tuliokuja nyuma tulikalia tu viti walivyotuachia.

Mwanangu Célestin hakuwa wa kunyamaza. Alikuwa karani bandarini, na mke wake Léonie alikuwa na mimba ya kwanza. Alimjibu babu yake kwamba kizazi kile kilijua maneno mawili tu ya Kifaransa, nayo ni « oui, patron », ndiyo bwana, na kwamba kizazi kinachokaa miezi bila mshahara na bado kinakula ndicho kikubwa. Mzee alimwita mutoto wa Kifungu cha Kumi na Tano, kile cha kujitafutia mwenyewe, na Célestin aliitikia kama aliyepewa nishani.

Mimi nafundisha hesabu. Nilikwisha kuwaambia wote wawili kwamba kitu kisicho na kipimo hakipimwi, wamalize samaki wao. Hawakunisikia.

Jumapili moja ya kiangazi, mwaka 1986, Célestin alitangaza kwamba amepata parseli, kiwanja cha kujenga, ufukoni mwa ziwa, mahali tambarare, mchanga mkavu, maji karibu. Mifuko ya saruji ilikuwa tayari imepangwa sebuleni kwangu. Ilikuwa akiba yote ya watoto hawa wawili. Walikuwa wakipanga chumba kimoja kinachovuja, na Célestin alitaka mtoto azaliwe ndani ya nyumba yao. Wachimbaji wangeanza Jumamosi.

Nilimtazama Papa Gaspard, nikingoja. Ufuko ndio ulikuwa kilele cha hotuba yake: nyumba walizojijengea yeye na wenzake wa reli, mstari mmoja ulioelekea majini, kila moja na baraza yake. Yake aliiuza kwa Mgiriki mmoja mfanyabiashara, kwa bei nzuri, alivyosema, siku ambazo mimi na marehemu mume wangu tulikuwa bado Kabalo. Lakini Jumapili ile hakusema neno juu ya ufuko. Alichambua samaki wake wa mkebuka mpaka ukabaki mfupa mtupu, kisha akatueleza habari za breki za treni, ambazo hakuna aliyemwuliza.

Jumamosi nilipeleka chakula cha wachimbaji. Papa Gaspard alinifuata bila kualikwa, na kofia yake ya reli kichwani. Tulimkuta Célestin amesimama ndani ya shimo, anacheka peke yake. Chini ya mchanga, kwenye kina cha magoti, sepetu zilikuwa zimegonga sakafu ya saruji, nyekundu, laini, haina hata ufa.

« Mama, angalia. Kuna mtu ametuachia msingi wa bure. »

Niliuliza ilikuwa nyumba ya nani. Wachimbaji hawakujua.

« Ya Apollinaire, » alisema Papa Gaspard. « Fundi wa mabehewa. »

« Na yako, Nkambo, ilikuwa wapi? » Célestin alimwuliza babu yake.

Mzee aliinua fimbo. Hakuonyesha kulia wala kushoto. Alionyesha ziwani, mahali palipofungwa mtumbwi, ambapo mwanamke alikuwa anafua maji yakimfika mapajani.

« Mgiriki alinunua maji? » nilisema.

« Hapakuwa na Mgiriki, Mama Célestin. »

Akatueleza, kofia mkononi. Miaka michache baada ya uhuru ziwa lilianza kupanda. Halikuja kwa kishindo. Lilifika barazani, likaingia chini ya vitanda, likala matofali kutoka chini, na mvua zilipokwisha mstari wote ulikuwa umeanguka. Na walikuwa wameonywa. Baba zao, wavuvi wa Kiholoholo, waliwaambia wasijenge chini ya kile kiinuko chenye majani.

« Tukawacheka, » alisema. « Tulisema wale wazee hawajui saruji. »

Célestin alisema mambo yale yamepita, siku hizi mto Lukuga unatoa maji ya ziwa vizuri, na kuna maenjinia.

« Hata sisi tulikuwa na maenjinia. »

Nilimwuliza kwa nini alinyamaza Jumapili.

« Muntu ananiambia mimi najua oui patron tu. Nimwambie nini tena? Kwamba hata nyumba sikujua pa kuiweka? »

Nilimwambia mbele ya wachimbaji kwamba alikuwa tayari mjukuu wake azike saruji mchangani ili yeye abaki mkubwa mezani. Nilidhani Célestin atamcheka, maana nafasi ndiyo ile aliyoingoja miaka. Hakucheka. Aliangalia mtumbwi, akaangalia sakafu chini ya miguu yake.

« Ulilia, Nkambo? »

« Bibi yako njo alilia. Mimi nilibeba milango. »

Shimo lilifukiwa siku ileile. Papa Gaspard alitoa nusu ya kiwanja chake kule kilimani, akahamisha mbuzi wake, na kila asubuhi alikuja kuwaambia mafundi kwamba ukuta umepinda, hata kama haukupinda. Vyumba viwili vilipata bati kabla ya mvua. Mtoto alizaliwa humo.

Parseli ya ufukoni alipewa kijana mwingine. Mzee alikwenda mwenyewe kumweleza. Kijana alimsikiliza kwa adabu, akampa kiti, akamwambia siku hizi saruji ni nzuri kuliko ile ya zamani.

Ziwa halijafika pale mpaka leo. Kila Jumapili Célestin anatukumbusha hivyo: nyumba ya yule kijana imesimama, imepakwa rangi ya bluu, wakati Léonie anapanda kilima na ndoo kichwani. Papa Gaspard hujibu, « Bado, » na ubishi wa nani mkubwa unaanza upya. Hotuba yake imekuwa ndefu zaidi. Siku hizi ina maji, ina milango, na Mgiriki hayumo.