Kifua cha Mama Cherehani

Mama Cherehani alikuwa ameapa hatakanyaga tena hospitali ile. Akiumwa, alikwenda kituo cha afya cha mtaani kwake. Watu wakimwambia kwamba siku hizi pale ni hospitali ya rufaa, wanafundishwa hata madaktari, yeye alibana pini midomoni na kuendelea kushona. Wateja walijua kuwa jambo hilo haliguswi.

Kiapo kilivunjika asubuhi mkwewe alipofika mbio, shati kalifunga vifungo kombo. Mkewe, binti wa Mama Cherehani, alikuwa amepandwa na presha kabla miezi haijatimia, wakampasua usiku katika hospitali ile ile. Mzazi alikuwa salama ila hajiwezi, na mtoto, wa kike, alikuwa mdogo hata kumshika unaogopa.

Mama Cherehani aliijua hospitali ile ilipokuwa nyumba moja ndefu ya bati, mkunga mmoja na taa ya mafuta. Sasa alipita lifti, mishale ya kuelekeza idara za macho, mifupa na figo, na vijana wa makoti meupe wakimfuata mwalimu wao kama vifaranga. Alimfuata mkwewe tu.

Katika wodi ya watoto njiti, waliozaliwa kabla ya siku zao, muuguzi mkuu aliwaeleza taratibu. Mtoto anapumua mwenyewe, ila joto linamkimbia, hivyo anahitaji kulala kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi. Baba alikuwa amembeba tangu usiku mpaka kulipokucha, na sasa usingizi unamwangusha. Ilikuwa zamu ya bibi.

Mama Cherehani akarudisha mikono nyuma. Akasema mikono yake imezoea vitambaa, wamtafute mtu mwingine. Mkwe alidhani ni woga wa kawaida. Muuguzi akamvuta kando hadi korido, akamwuliza kulikoni.

Ndipo yakamtoka ambayo hata binti yake hakuwahi kuyasikia. Kabla ya binti huyo alizaa mvulana, hapa hapa, chini ya lile bati, siku zake hazijatimia. Mkunga alimfunika kwa shuka akasema hakuna la kufanya.

"Hakulia," alisema. "Alifungua mdomo tu, kama anayetaka kusema neno."

Muuguzi hakumpa pole za juu juu. Akamwambia nyumba ile bado ipo, nyuma ya duka la dawa. Kama anataka kuiona, atampeleka.

Bati lilikuwa jipya na madirisha yamepanuliwa. Ndani mlikuwa na meza, na juu ya kila meza amelala mwanasesere wa mpira. Wanafunzi wa ukunga walikuwa wakijifunza kumwamsha mtoto aliyezaliwa bila kupumua: wanamkausha, wanamsugua mgongo, wanampulizia hewa kwa kipira chenye barakoa. Msichana mmoja alikuwa akikosea, na mwalimu akamrudisha mwanzo.

"Tena. Usimwache."

Msichana akaiweka barakoa upya, akaminya. Kifua cha mwanasesere kikapanda, kikashuka. Mama Cherehani akashika fremu ya mlango.

"Wote wanafundishwa hivi?" aliuliza.

"Wote. Hatoki mtu hapa mpaka aweze."

"Wakitoka?"

"Wengi wanakwenda zahanati ndogo ndogo, kama ilivyokuwa hii."

Alilia pale mlangoni, bila kujificha, na muuguzi akamsubiri. Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Twende," akasema. "Mtoto asije akapoa."

Huko wodini wauguzi walimfungua blauzi, wakamlaza mtoto katikati ya kifua, miguu imekunjwa kama ya chura. Walipomfunga kitambaa, Mama Cherehani alilalamika kwamba fundo limekaa vibaya, ikabidi lifungwe upya. Kisha akatulia. Pumzi ndogo ilimtekenya shingoni, ikakoma kidogo, ikarudi. Mwili wake wote ukawa unaisikiliza.

Baada ya siku kadhaa binti yake aliletwa kwa kiti cha magurudumu, amenyoosha mikono tangu mlangoni. Mama Cherehani hakufungua kitambaa.

"Amelala," alinong'ona.

"Mama, ni mwanangu."

"Nani kakataa? Nimesema amelala."

Mkwe akageukia ukuta asionekane anacheka. Binti naye akacheka, akishikilia kidonda chake kwa mkono. Mama Cherehani akamsogezea kiti karibu, mpaka magoti yao yakagusana.

"Kaa hivyo hivyo, ukimsubiri aamke," alisema. "Ulikuwa na kaka. Nataka nikusimulie habari zake."