Vifungo Chini ya Mto

Fundi alikuwa na kawaida ya kutandika kitanda kabla ya kunywa chai, na ni katika kutandika huko alipookota kifungo cha kwanza. Kilikuwa upande wa mumewe, chini ya mto: cha kahawia, chenye matundu manne, saizi ya kifungo cha koti. Katika nyumba ya mshonaji vifungo huokotwa hata kwenye kopo la sukari, kwa hiyo hakukisumbukia. Alikitia mfukoni mwa aproni, akapigapiga mito, akaenda kuchemsha maji.

Kesho yake akaokota viwili. Keshokutwa aliamka mapema, akakiona kimoja kikiwa bado kwenye sikio la mumewe, nusu ndani nusu nje, kinatoka taratibu. Alikisubiri kidondoke chenyewe, maana si adabu kumchomoa mtu kitu sikioni akiwa usingizini. Kilipodondoka kilikuwa na joto. Akakiokota, akatandika.

Mumewe, mtaa mzima ulimwita Mizani. Alifanya kazi ya kupima magunia kwenye ghala la nafaka tangu ujana wake mpaka akastaafu, na mikono yake ilizoea hivi kwamba alinyanyua kitu, akakaa kidogo, akakutajia uzito wake bila kukosea. Hata katika kusimulia alikuwa hivyohivyo. Hatii chumvi, hapunguzi. Watu wawili wakibishana juu ya jambo la zamani, nani alihama lini, nani alimtukana nani, wa tatu alisema tu haya twendeni kwa Mizani, na ubishi ukaishia hapo.

Alipostaafu, mtoto wao wa kiume anayefanya kazi mbali alimtumia simu janja ili mzee asikae mpweke. Ulikuwa upendo mtupu, na asitokee mtu wa kusema vinginevyo. Mwanzoni Mizani aliishika simu hiyo kama mtu aliyeshikishwa kitoto kisicho chake. Baadaye haikumtoka mkononi. Alijua mvua imenyesha wapi na wapi imegoma, waziri gani kajiuzulu, meli gani imekwama, samaki gani anaishi miaka mingi kuliko binadamu. Alisoma akila, alisoma akivaa soksi, na chai yake ilipoa mpaka ikashika utando. Akisoma maafa anaguna. Akisoma kichekesho anaguna. Mguno ulikuwa uleule.

Fundi alimtajia jirani yake habari ya vifungo siku moja wakiwa wanaanika nguo. Jirani akamwambia ashukuru. Vifungo angalau vina kazi. Binti yake yeye, tangu apate simu, alikuwa anadondosha mchanga, na shuka zilikuwa hazitakati. Wakaendelea kuanika.

Na kweli vilikuwa na kazi. Vilikuwa vifungo vizuri, vizito, si hivi vya siku hizi vinavyopasuka kwa pasi, na Fundi alivishona kwenye nguo za wateja bila kufikiri mara mbili. Hilo ndilo kosa lake, na mshonaji yeyote mwenye kubana matumizi angelifanya.

Alilijua kosa siku dereva wa lori aliporudi kugeuziwa kola ya shati. Dereva alisema shati halina neno, limemkaa vizuri. Ila akilivaa anakumbuka kusimama mlangoni kwa baba mkwe, viatu vya kuazima vinambana vidole, anangojea kuambiwa ndiyo au hapana. Na yeye baba mkwe hakuwahi kumwona. Alifariki kabla hajaoa. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayelalamikia kola inayowasha.

Fundi aliinamia cherehani asionekane uso. Viatu vile alivijua. Vilikuwa vya kaka yake Mizani, na mlango ule ulikuwa wa kwao. Akamwomba dereva amrudishie kile kifungo cha kahawia, atamwekea kingine. Dereva akakataa kistaarabu. Alikuwa amekizoea, alisema, na safari ndefu hazimchoshi kama zamani. Mteja ni mteja. Fundi akageuza kola, na siku aliyoposwa ikapanda lori ikaenda zake.

Tangu hapo vifungo vya kitandani aliviweka mbali na vya kazi, kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Alijaribu kumrudishia mwenyewe. Alishona kimoja kwenye shati la Mizani, mahali pa kifungo cha tatu, kwa uzi wa mara mbili alioupaka nta. Kufika jioni uzi ulikuwa umekatika na kifungo kiko sakafuni, na Mizani alikuwa amejua mambo mengine kadhaa kuhusu volkano. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Mizani wa zamani angemweleza bila hata kufikiri: gunia likishajaa, ukilishindilia juu, linapasuka chini.

Kuvivaa yeye mwenyewe hakutaka. Aliona ni sawasawa na kumpekua mumewe mifuko, na katika ndoa yao yote hakuwahi kufanya hivyo.

Mwana alipiga simu kila mwisho wa juma. Aliuliza kama mzee anafurahi.

"Ana habari," Fundi alimjibu. "Habari anazo nyingi."

Mwana akacheka, akasema hilo ni jema.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomtia Fundi hofu, na kila alipoinua mto roho yake ilikuwa mkononi. Kabla ya huyu wa kiume walipata mtoto wa kike. Siku hiyo Fundi alipasuliwa, akapewa dawa ya usingizi, na alipozinduka yalikuwa yamekwisha yote, hata kuzikwa. Mtoto aliishi alfajiri mpaka adhuhuri, na maisha yake hayo yote mama yake aliyapitisha usingizini. Aliyemwona ni Mizani peke yake.

Basi wakawa na desturi yao. Fundi akipata kazi ya gauni la kichanga, pindo hakulipitisha kwenye cherehani. Alilikunja kwa mkono, jioni, karibu na dirisha, na Mizani alikaa kwenye kiti cha pili akamsimulia. Kwamba mtoto alifungua jicho moja kwanza, halafu la pili. Kwamba alimshika kidole cha shahada akakataa kukiachia. Kwamba alipiga chafya, moja, mwenyewe akashtuka. Kwamba uzito wake ulikuwa wa sufuria ndogo yenye maji nusu. Miaka yote ni maneno hayohayo, hayakuongezeka wala kupungua, na Fundi hakuwa na kitu kingine cha mtoto yule. Picha hakuna. Nguo alizikwa nazo. Kulikuwa na sauti ya Mizani, na pindo likikunjwa.

Ikaja oda ya gauni la kichanga, jeupe, la mjukuu wa mteja wa zamani. Jioni Fundi akamwita mumewe. Mizani akaja na simu yake, akakaa kwenye kiti cha pili.

"Haya, nisimulie," alisema Fundi.

"Nikusimulie nini?"

"Mtoto."

"Mtoto gani?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu aliyeulizwa njia ya mtaa asioujua. Sindano ya Fundi ikasimama. Akamwambia, wetu wa kwanza, wa kike. Mizani alikunja uso akafikiri, na alifikiri kwa dhati, kwa sababu hakuwa mtu wa kupuuza.

"Ngoja nikutafutie," akasema.

Akatafuta. Akamsomea kwamba kichanga huona vizuri vitu vilivyo karibu na uso wake tu, vya mbali ni ukungu. Akamsomea kwamba moyo wa kichanga hupiga mbio kuliko wa mtu mzima, na kwamba akilia siku za mwanzo hatoi machozi. Hilo la machozi alikuwa halijui, akafurahi kulijua. Alisoma taratibu, akimtazama mkewe kila baada ya habari moja aone kama imetosha. Hakuwa mkorofi hata chembe, na ndiyo maana Fundi aliumia vile. Aliendelea kukunja pindo huku machozi yanamtoka, na mishono ikaenda upogo, ikabidi kesho yake aifumue yote.

Asubuhi, Mizani akiwa uani na simu yake, Fundi alishusha kopo juu ya kabati akafunga mlango wa chumba. Hakuogopa tena kupekua. Aliogopa kwamba kifungo chenyewe kilishaondoka zamani, kwenye blauzi ya mtu, na mtoto wake anatembea sokoni kifuani kwa mwanamke asiyemjua. Akachukua pini. Akawa anakibana kifungo kimoja kimoja kwenye kifua cha gauni lake, anangoja, anakichomoa.

Kimoja kilikuwa harufu ya magunia ya katani yaliyonyeshewa. Kingine ugomvi wa vijana wawili ghalani, kitu cha kijinga. Kingine kilikuwa mgongo wa mwanamke anafua, kijana, khanga imelowa kiunoni, anaimba vibaya. Na aliyekuwa anamtazama alikuwa na furaha kubwa kiasi kwamba Fundi ilibidi akae kitandani. Hakujua kuwa siku ile alikuwa anatazamwa. Alikaa nacho kidogo, kisha akakitoa.

Chini kabisa palikuwa na kidogo, cheupe, cha aina ileile aliyonunua kwa ajili ya gauni la kichanga. Siku kilipodondoka hata hakuikumbuka. Akakibana.

Ulikuwa ukumbi wenye ukuta uliopakwa kijani chini na nyeupe juu. Muuguzi alikuja na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akakiweka mikononi mwa Mizani. Hakikutikisika. Hakukuwa na jicho la kwanza wala la pili. Hakukuwa na chafya. Muuguzi alisema, "Pole, baba. Amezaliwa hivyohivyo." Mikono ya Mizani, yenyewe, bila kuambiwa, ikakaa kidogo ikapima, ikawa sufuria ndogo yenye maji nusu. Uzito tu ndio uliokuwa kweli.

Halafu Mizani alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya wodi, anafikiri atamwambia nini mkewe akizinduka. Alianza na kidole. Halafu akapata macho, akaona yafunguke moja moja, ndiyo yataaminika. Chafya ilimjia mwisho kabisa, keshashika kitasa cha mlango. Akaona imekaa sawa. Akajifuta uso kwa shati, akaingia.

Fundi akachomoa pini. Nje sauti ya Mizani ilikuwa inamwambia jirani kwamba barafu ya nchi fulani imepungua. Fundi alilia, akiwa ameweka mkono mdomoni asisikike, na alilia kwa jambo ambalo asingeweza kumwambia mtu: kwamba mtu asiyetia chumvi katika chochote alimtilia yeye chumvi maisha yake yote, wala hakuteleza hata mara moja. Kwa miezi alikuwa ananung'unika kwamba mumewe anajazwa mambo yasiyomsaidia. Sasa na yeye analo lake moja. Lilikuwa la kweli, na angelipa chochote asilijue.

Jioni alilikunja upya lile pindo karibu na dirisha. Mizani alikuja akakaa kwenye kiti cha pili, kwa mazoea ya mwili tu, simu mkononi. Basi Fundi akaanza yeye. Alisema kulikuwa na mtoto mmoja wa kike, alifungua jicho moja kwanza, halafu la pili. Akasema alimshika baba yake kidole cha shahada akakataa kukiachia. Maneno yalitoka hayohayo, kwa mpangilio uleule, mpaka akafika kwenye chafya.

Mizani akaishusha simu magotini.

"Alipiga chafya?"

"Moja. Mwenyewe akashtuka."

Mizani akacheka, cheko la zamani, la tumboni. Akatikisa kichwa. "Umeisoma wapi hiyo?"

"Sikuisoma. Niliambiwa na mtu aliyekuwepo."

"Mtu wa kuaminika?"

Fundi alikata uzi kwa meno. "Hatii chumvi," alisema. "Hapunguzi."

"Basi ni kweli," alisema Mizani, akaridhika. Simu ikawaka magotini mwake, akaiinamia.

Asubuhi Fundi aliinua mto. Kifungo kilikuwepo, kidogo, cheupe, kina joto. Alikibana kifuani papo hapo, amesimama kando ya kitanda, na ndani yake mlikuwa na mwanamke anakunja pindo dirishani, na mwanamume anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna mtoto alipiga chafya, na anaamini.

Siku hizi anakunja pindo la gauni la kichanga kila jioni, hata pasipo na oda, na kabati limejaa vigauni. Mizani huuliza umeisoma wapi, naye humjibu vilevile. Mwana akipiga simu huambiwa mzee hajambo, anasoma. Asubuhi Fundi huinua mto, hukiokota, hukibana, na kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai anaye mtoto aliyeishi. Halafu hukichomoa, hukitia koponi, akapigapiga mito.