Muuza Gesi Aliyeogopa Mtungi

Makurunge nzima inanijua: Mrisho Gesi. Nauza mitungi ya kupikia, na maneno nagawa bure. Kila mteja nampa hotuba: mtungi si jini, jini ni woga wako. Kumbe nyumbani kwangu mwenyewe tunapikia mkaa. Mke wangu Esha hataki kuona mtungi jikoni, eti utamlipukia. Nimemcheka mbele ya majirani, nimemcheka mbele ya wazazi wake.

Siku moja nilipakia mtungi mkubwa kwenye pikipiki, mbele yangu, juu ya tangi, kwa ujuaji wangu. Mbuzi akakatiza. Mimi chini, mtungi kifuani. Nikainuka nikisema si kitu. Majirani wakanibeba, Esha akafuata mbio. Tulipofika hospitali, hata hiyo "si kitu" ilitoka kwa shida. Pumzi ilikuja nusunusu.

Nesi Marselina akasema mbavu zimevunjika na pafu limepondeka. Akasogeza mtungi wa oksijeni na barakoa yake. Nikaruka, kwa kadiri mtu wa mbavu zile anavyoweza kuruka. Kwetu ukisikia fulani kawekewa mtungi, unaulizia sanda. Mjomba Mbaruku aliwekewa alasiri, kesho yake tukamzika. Nikamwambia nesi, kwa pumzi hizohizo za nusunusu, habari ya mjomba, na kwamba mimi nauza mitungi, siwekewi mtungi.

Hakugombana nami. Alisema mjomba anamkumbuka, aliletwa akiwa amechelewa. Mimi nawekewa mapema ili nisifike huko alikofika. Nikaendelea kubisha, kwa mkono tu, maana sauti imekata. Kucha za mkono wenyewe zimeanza kuwa za buluu. Wallahi niliogopa kufa, na mtungi niliuogopa zaidi.

Esha alikuwa pembeni, amejibana ukutani, macho kwenye mtungi. Akainuka. Akaichukua barakoa mkononi mwa nesi, akaivaa yeye, akavuta pumzi ndefu huku kafumba macho. Kisha akaivua, akanivisha.

"Haya," akasema. "Kama ni kuua, ungeanza na mimi."

Nikavuta. Kifua kikaachia kidogokidogo. Nilitaka kucheka, mbavu zikakataa, nikalia humohumo ndani ya barakoa.

Nimepona, na duka nimelifungua. Juzi mteja mmoja akaniuliza kwa kejeli, mkeo anapikia mtungi gani? Zamani ningempa hotuba. Nikamwambia mke wangu anapikia mkaa, na anayempepelea jiko ni mimi.