Ua Ndani ya Feni

Kompyuta kubwa ya Pune, India, ile iliyobidi ijengwe humohumo nchini baada ya Wamarekani kukataa kuuza ya kwao, ilijengwa na Hausabai. Ndivyo alivyowaambia wanawake wenzake bombani. Alipoona wanampisha mbele ya foleni kwa heshima, roho ikamsuta, akaongeza kwamba yeye alipiga deki tu, na chini ya makabati hata deki hakupiga.

Wamarekani walihofia mashine yao ingetumiwa kupigia hesabu za mabomu. Basi Daktari Bapat, mkuu wa kazi, akanunua vichwa vidogo vidogo vya kompyuta, vile visivyokatazwa kuuzwa, akaviunga zaidi ya mia vifanye hesabu moja kwa pamoja. Kazi ya miaka mitatu. Leo wakubwa wa serikali kutoka Delhi walikuwa njiani kuja kuiona ikitabiri mvua, na leo hiyohiyo asubuhi ikazimika.

Sulabha, fundi wa zamu, alifungua kabati moja la mashine akachomoa kwenye feni ya kuipoza ua la rangi ya chungwa, limesagika. Feni ilikwama, mashine ikapata joto, ikajizima.

Ilikuwa siku ya kuheshimu vifaa, mkesha wa Dasara, sikukuu ya Wahindu: kifaa huvishwa maua, huvunjiwa nazi, na vipande vya nazi hugawiwa waliopo. Mji mzima ulikuwa umevisha maua bajaji, cherehani, mpaka mizani ya muuza vitunguu. Lakini Daktari alishapiga marufuku mambo hayo chumbani humo. Hapa ni sayansi, alisema, si hekalu. Macho yote yakamgeukia Hausabai. Nani mwingine? Daktari, huku akitazama viatu vyake mwenyewe, akasema aliyefanya hivyo kesho asije kazini.

Hausabai alikuwa mjane, na deki ile ndiyo iliyowasha jiko lake. Alfajiri aliingia na ndoo tu, ua hakuwa nalo. Akawaza habari ya funguo za chumba. Zilikuwa mbili: wake, na wa Daktari.

"Haya, ni mimi," akasema.

"Mama, wewe nawe," Sulabha akaguna. "Leo kweli?"

"Leo. Ila kuna baya zaidi, mwanangu. Nazi sikuvunja. Mashine ikipewa maua bila nazi, hata ukiifungia feni mpya, itazimika tena mbele ya wageni. Cherehani ya dada yangu ilikufa hivyohivyo, hadi leo tunaweka vyungu juu yake."

Mafundi wakacheka. Daktari hakucheka. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nje geti lilisikika likifunguliwa. Magari ya Delhi yalikuwa yanaingia.

"Nazi ilivunjwa," akasema kwa sauti ya chini. "Kwenye ngazi za nyuma. Saa kumi na moja alfajiri."

Sulabha akaacha kukaza skrubu.

Hausabai akainua ndoo yake taratibu. "Na vipande vyetu sisi, Daktari? Umevila vyote peke yako?"