Bomba Lililopotea Ratieny

Hadiya aliyasikia maji kwa nyayo kabla ya kuyasikia kwa masikio. Alikuwa jikoni bila viatu, anakanda unga wa mahamri, akahisi sakafu ni baridi kuliko kawaida, kisha akahisi inatetemeka kidogo, kama ngozi ya ng'ombe aliyetuliwa na nzi. Wiki iliyofuata ukuta ulipasuka. Wiki ya tatu ufa ulikuwa unaingia vidole vitatu.

Ilikuwa mwaka wa 1996, na baraza la mji mdogo wa Ratieny, kando ya barabara ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay, lilikuwa limeanzisha msaada ambao watu hawakuuamini mpaka walipouona. Mwenye nyumba ambaye bomba lake limepasuka chini ya ardhi, na nyumba yake iko hatarini, alipewa fundi, wachimbaji wawili na mabomba mapya. Kwa siku tatu, bila malipo. Zikiisha, kikosi kinakwenda kwa mwingine, na nyumba ambayo haijapona inapigwa alama ya rangi nyekundu mlangoni. Wenyewe wanahama.

Hadiya hakuwa na pa kuhamia. Nyumba ile aliinunua miaka minne nyuma, alipotoka Mumias na binti yake Asiya, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa hoteli yake ya chai.

Sasa ilikuwa siku ya tatu ya kikosi kwake, saa tano asubuhi. Nyuma ya nyumba, mtaro ulitoka kona moja hadi nyingine, wenye kina cha kiuno cha mtu. Udongo wake mweusi ulikuwa mkavu kama mkate wa juzi.

Bichage, fundi wa baraza, aliinama, akasimamisha mpini wa jembe ardhini na kutega sikio kwenye ncha ya juu.

"Yapo," alisema. "Nayasikia. Lakini hayataki kusema yako wapi."

"Bichage!" Hiyo ilikuwa sauti ya Javan, mwenye duka la jirani, aliyekuja kuchungulia kila baada ya saa moja. "Hilo shimo ni la maji ama mnazika chifu?"

"Ingia nikupime. Likikutosha tutajua."

Gesare hakucheka. Ndiye afisa aliyeletwa na baraza kusimamia kazi, binti aliyemaliza chuo mwaka uliopita, na tangu juzi alikuwa akiukunja na kuukunjua mchoro wa mabomba hadi karatasi ikaanza kuchanika.

"Mama, mchoro unasema ni upande huu," alimwambia Hadiya. "Bomba linapita upande usio na milango. Sielewi."

Hadiya aliweka chini sinia la chai. "Naomba niuone."

Aliona nyumba zao zimechorwa kwa mstari, ndogo kama punje za mahindi kwenye gunzi. Kila moja ilikuwa na pengo dogo, ndio mlango. Upande wa pili ulipita mstari wa nukta, ndilo bomba. Pembeni paliandikwa mwaka wa 1969.

"Barabara iko wapi hapa?"

"Haikuchorwa, mama."

"Sasa ulijuaje upande upi ni upi?"

"Kwa milango. Milango yenu yote inaangalia barabara."

Hadiya aliurudisha mchoro, lakini swali halikutoka kichwani. Kulikuwa na jambo lililomsumbua tangu anunue nyumba ile. Pale nyuma alipooshea sufuria palikuwa na ngazi tatu za mawe. Zilipanda vizuri, zikafika ukutani, zikaishia hapo. Nani hujenga ngazi ya kupandia ukuta?

Alichukua kisu cha jikoni, akapanda ngazi ya tatu, akaanza kukwangua. Chokaa ilianguka, kisha udongo. Kisha kisu kikagusa kitu laini. Ulikuwa ubao, umesimama wima, wenye tundu la bawaba.

"Javan!" aliita. "Hizi nyumba zilikuwa zinaangalia wapi?"

"Yawa, Mama Asiya, kwani hujui? Zilikuwa zinaangalia bondeni, huko kisimani ndiko watu walikuwa wanatokea. Lami ilipofika kila mtu akavunja mlango upande wa barabara, ule wa zamani akaziba. Msimu mmoja tu! Nani angemgeuzia mteja mgongo?"

Gesare aliutazama mchoro. Polepole akaugeuza juu chini.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu nimeushika kinyume. Bomba liko upande wa barabara."

Wote walizunguka mbele. Bichage alisimamisha mpini wake kwenye kibaraza cha hoteli, akasikiliza, akasogea hatua moja, akasikiliza tena. Hatua ya nne ilimfikisha ndani ya duka la Javan, katika chumba ambacho Javan alikiongeza mbele ya nyumba yake. Aliinua mkono watu wanyamaze.

"Chini hapa. Yanalia kabisa."

Chini palikuwa na sakafu ya simiti nyekundu, iliyosuguliwa hadi inang'aa.

Utani wa Javan ulikwisha. "Hapo hapana. Hii sakafu haijamaliza hata mwaka. Tafuteni kwingine."

"Siwezi kuchimba ndani ya nyumba ya mtu bila sahihi yake," Gesare alimnong'oneza Hadiya, na Hadiya akaona kwamba machozi yako karibu.

Angeweza kumpigia Javan kelele, au magoti. Vyote vilimjia. Lakini alichotaka zaidi ni kujua.

"Javan, ulipojenga chumba hiki, mlipochimba msingi, mliona nini?"

Javan alipangusa mizani iliyokuwa safi. "Udongo."

"Udongo tu?"

"Na chuma." Aliendelea kupangusa. "Jembe la fundi wangu liligonga chuma, yakatoka maji kidogo. Akasema ni bomba la zamani, limekufa, halina mwenyewe. Akalifunga, tukamwaga simiti." Alimgeukia Gesare. "Sasa nikisema hivyo kwa karatasi, si mtaniletea askari?"

Ingekuwa rahisi kumjibu hapana. Gesare alisoma fomu kwanza, yote, na Hadiya akampendea hapo.

"Fomu inauliza maji yanavujia wapi, na nani ameruhusu kuchimba. Haiulizi nani alikosea. Wakubwa wangu wakiniuliza nitawaambia ulichosema, na kwamba ulisema mwenyewe. Zaidi ya hapo, mzee, sitakuahidi."

"Kumbe wewe unajua kutisha mtu kwa upole!" Javan aliguna. Akamtazama Hadiya. "Ufa umefika wapi?"

"Vidole vinne. Leo asubuhi."

Javan alitia sahihi akiwa amesimama, kisha akakumbatia gunia la sukari. "Bichage, shika huko. Na usinivunjie mizani."

Kufikia saa tisa sakafu nyekundu ilikuwa vipande, na Bichage alikuwa ndani ya tope hadi viwiko. Watu wa nyumba zote za mstari ule walijaa mlangoni. Mteja aliyetaka chumvi aliambiwa angoje.

Bichage alivuta kitu cheusi, kirefu, kilichofungwa fundo juu ya fundo. Pale kilipokuwa kimefungwa, maji yaliruka.

"Mpira wa baiskeli!" alisema Bichage.

Javan alinyoosha shingo kama wengine. "Ni wangu," alisema. "Nilidhani uliibiwa."

Kicheko kilipotulia, Bichage alikata chuma kilichooza na kuagiza bomba jipya. Gesare alitangaza kwa sauti, ili kila mtu asikie, kwamba rangi nyekundu haitafika kwa Mama Asiya, na kesho atakuja mwashi kumzibia ukuta wake.

Javan alisogea karibu na Hadiya. "Mama Asiya, kama ningejua yale maji yanakula nyumba yako..."

"Sasa umejua," alisema Hadiya, macho shimoni, ambako bomba jipya lilikuwa likiteremshwa. "Hebu sogea kidogo, unanizibia."